Feni ya Kumsikilizia Baba

Siku baba yake alipoanguka bafuni, Rula alikuwa ameketi upande wa pili wa ukuta, na hakusikia kitu.

Rula ni jina la utani alilobandikwa na wateja. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, na hakuna aliyewahi kumwona bila rula mkononi au nyuma ya sikio. Alifanyia kazi sebuleni kwake, kwenye meza iliyosukumwa hadi dirishani, na chini ya meza hiyo kulikuwa na kasha la kompyuta lililokuwa limekula chumvi nyingi. Alipochora mistari tu, kompyuta ilinung'unika kidogo na kunyamaza. Lakini alipoiamuru igeuze mistari hiyo iwe picha, ukuta uwe ukuta na kivuli kiwe kivuli, prosesa, ubongo wa kompyuta, ilipanda joto, na feni iliyokaa juu yake ikaanza kulia kama mashine ya kusaga.

Alasiri hiyo ilikuwa inatoa picha za zahanati. Rula alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kiganja, akisubiri. Feni ilipotulia ndipo aliposikia: ngo, ngo, ngo. Akadhani jirani anapigilia msumari. Kisha akagundua kwamba mlio unatoka ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Baba alikuwa ameketi kwenye sakafu ya bafu, mgongo ukutani, mguu mmoja umekunjika chini yake, akigonga ndoo kwa kikombe cha bati. Hakuwa amevunjika popote. Alikuwa amelowa, na midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi.

"Baba! Kwa nini hukuniita?"

"Nimeita," alijibu, bila hasira. "Nikadhani umetoka."

Afadhali angemgombeza. Usiku kucha neno hilo lilimzunguka Rula kichwani: umetoka, umetoka, naye alikuwa hapo hapo.

Baba yake aliwahi kuwa mwoka mikate. Watu walimwita Tanuri, na jina halikumtoka hata alipostaafu. Unga wa miaka yote hiyo ulikuwa umewapa watoto elimu na kumwachia yeye kifua kibovu, pumzi fupi na kikohozi kilichokuja kwa mafungu. Mama alipofariki, alihamia kwa binti yake na sanduku moja na redio.

Kesho yake kaka yake Rula alipiga simu. Kaka huyu, kifungua mimba, tangu utotoni alizungumza kama anayefungua kikao, ndiyo maana nyumbani wakamwita Mwenyekiti.

"Tumekubaliana," alisema, ingawa katika kukubaliana huko alikuwa peke yake. "Jumamosi nakuja kumchukua baba. Kwangu kuna watu wengi. Hawezi kuanguka asisikike."

"Kwako kuna ngazi hadi bafuni, kaka."

"Ngazi hazipigi kelele kama hilo lidude lako."

"Basi nitalinyamazisha."

"Lini?"

"Kabla ya Jumamosi."

Alikata simu kama aliyeahidi kuhamisha mlima na hana hata jembe.

Alianza na njia rahisi. Alimnunulia baba kengele ndogo ya mezani. Mzee aliigeuza mkononi, akaipiga mara moja, akamrudishia.

"Sikuzaa mtoto ili nimpigie kengele. Mimi si hoteli."

Ikabaki feni. Rula alizima kompyuta, akalifungua kasha na kukuta vumbi limeshikana kwenye mapezi ya chuma yanayotoa joto, kama sufi kwenye mto. Akalitoa kwa brashi ya rangi, akapuliza, akapiga chafya mpaka machozi. Feni ikapungua ukali kidogo, lakini ilipopewa kazi ya picha ilirudia kilio chake. Baba alikuja kusimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Mimi nimeishi na moto maisha yangu yote," alisema, "na moto haukuwahi kunipigia kelele hivi."

"Si moto, baba. Ni kinachouzima."

"Ndiyo nilivyosema. Zimamoto wana kelele kuliko moto."

Mchana huo Rula alienda kwenye duka la vifaa vya kompyuta, mtaa wenye maduka ya simu yaliyobanana, kila moja na spika yake mlangoni. Muuzaji, kijana mnene mchangamfu aliyeitwa Volti, alimpokea kwa mikono miwili.

"Dada, unataka tulivu? Ninayo tulivu kuliko msikiti siku ya Jumatatu." Akamwonyesha boksi lenye picha ya feni inayong'aa rangi zote. "Na inawaka!"

"Sitaki harusi chini ya meza. Nataka isisikike."

"Basi zima taa. Soma hapa, kiwango cha kelele."

Rula akasoma. Namba ilikuwa ndogo kuliko zote zilizokuwa rafuni. Hakuuliza namba hiyo ilipimwa feni ikiwa inakwenda kasi au inajikokota. Hakuuliza boksi linasema linamudu prosesa ya joto kiasi gani. Mawazo yake yalikuwa bafuni. Alikuwa amemwacha baba peke yake, na kila dakika dukani ilimwasha kama upupu. Alichukua boksi, akaondoka karibu akikimbia.

Haraka haraka haina baraka, na Rula aliilipia hiyo methali siku hiyohiyo. Feni mpya ilikuwa ndogo, upana wa kiganja, na haikuvuma kama ya zamani. Badala yake ilitoa mlio mwembamba, mkali, kama mbu aliyenaswa ndani ya sikio. Ile ya kwanza angalau ilikuwa kelele ya kuizoea. Hii ilichoma. Aliweka pamba masikioni, akazitoa haraka, maana ni nani basi atakayemsikia baba? Akaipa kompyuta kazi ya zahanati ili amalize. Akaona kwenye kioo cha kompyuta kipimo cha joto kinapanda, kinapanda, mbu analia zaidi, mwendo wa picha unapungua, halafu kioo kikawa cheusi ghafla. Kompyuta ilikuwa imejizima yenyewe ili isiungue. Picha zilizoanza kutoka zikaenda na maji.

Alikaa kwenye kiti akitazama kioo kilichozimika. Halafu akasimama, akaenda hadi mlango wa baba, akachungulia. Mzee alikuwa anasikiliza redio.

"Kuna nini?"

"Hakuna. Napita tu."

"Chumba changu siku hizi ni njia?"

Akarudi mezani. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu ile ndoo igongwe, alifanya alichokuwa akikifanya kila siku kwa ajili ya wengine: akatoa rula nyuma ya sikio na kupima. Alipima kutoka prosesa hadi ubavu wa kasha, ajue kitu kirefu kiasi gani kinaweza kusimama mle ndani. Alipima umbali hadi vipande vya kumbukumbu ya kompyuta vilivyosimama jirani. Akatazama uso wa kasha na kuona umezibwa na kibao cha plastiki kilichoachia upenyo kama ufa wa dirisha. Hewa ingeingilia wapi? Akaandika aina ya prosesa kwenye kiganja kwa kalamu. Alipokuwa akimwekea baba chai pembeni ya kitanda kabla ya kutoka, alishamaliza kuelewa: feni ndogo, ili isukume hewa ya kutosha, haina budi kukimbia, na kinachokimbia hupiga kelele. Alihitaji feni kubwa, inayotembea tu.

Jirani wa ghorofa ya chini alikubali kukaa na mzee. Mzee hakuulizwa, na uso wake ulionyesha hivyo.

Volti alipomwona tu alicheka. "Dada wa harusi!"

"Nimeirudisha. Inalia kama mbu, na haipozi."

"Lakini kiwango cha kelele..."

"Kiwango ni cha ikiwa imelala. Nataka kubwa. Yenye mabomba ya shaba na mapezi mengi. Urefu usizidi hapa." Akaonyesha alama ya kalamu kwenye rula. "Na nataka kuisikia kabla sijaichukua."

"Utasikia nini hapa?" Volti alinyoosha mkono kuelekea barabarani, spika tatu zikigombana mlangoni.

Ni kweli. Mwisho Volti akasema, "Stoo."

Stoo ilikuwa chumba cha nyuma kilichojaa maboksi matupu hadi darini, na maboksi hayo yalimeza kelele za mtaa kama udongo unavyomeza maji. Volti akaburura kifaa cha umeme, akaunganisha feni moja baada ya nyingine, na Rula akainama, macho amefumba. Ya kwanza ilikwaruza, chuma kwa chuma. "Beringi mbaya," Volti akakiri. Ya pili ilivuma vizuri, lakini ilipopunguzwa mwendo ikaanza kutikatika kama saa. Ya tatu ilikuwa na waya tatu tu.

"Nataka yenye waya ya nne," alisema Rula, "ili kompyuta iweze kuiambia ipunguze mwendo yenyewe."

"Nani amekufundisha?"

"Nimesoma karatasi iliyokuja na ile mbovu. Nilipaswa kuisoma kabla."

Ya nne ilikuwa pana kama sahani ya kikombe, mabawa machache mazito, imefungwa kwenye tofali la mapezi ya alumini lililotobolewa na mabomba ya shaba. Boksi lake lilisema linamudu prosesa yenye joto kuliko ya Rula, hivyo isingelazimika kukimbia. Ilipowashwa, alifikiri Volti hajaunganisha vizuri. Akaweka mkono mbele yake. Upepo ulikuwepo. Hata ilipofunguliwa hadi mwisho, haikulia. Ilivuta pumzi tu, sauti nzito ya chini kama mtu anayepuliza chai.

"Hii," alisema.

"Hii haina taa, dada."

"Ndiyo hii."

Aliifunga jioni, kabla giza halijaingia. Akafuta prosesa ile dawa kuukuu iliyokauka, akaweka tone jipya la dawa ya kijivu, saizi ya punje ya mbaazi, ya kuziba nafasi kati ya chuma na chuma ili joto lipite. Akalikalisha tofali, akakaza skrubu kwa zamu, pembe kwa pembe, lisije likainama upande. Kile kibao cha plastiki usoni mwa kasha akaking'oa kabisa. Akawasha. Akaipa zahanati. Kipimo cha joto kikapanda kidogo, kikasita, kikakaa.

Na nyumba ikanyamaza.

Alitegemea kupumzika, lakini hakupumzika. Sasa alisikia kila kitu: friji ikitetemeka, bomba la jirani, ndala za baba zikiburuzwa kutoka kitandani hadi dirishani. Kila ndala ilipositasita, Rula alisimama. Kila baba alipokohoa, kiti cha Rula kililia na mlango ukafunguka. "Uko salama?" "Nipo." "Unataka maji?" "Ninayo." Akarudi, akachora mstari mmoja, akafuta. Siku ya pili alianza kuinuka hata kabla ya sauti. Mistari ya zahanati ilimchezea machoni, na ngazi ya kuingilia aliichora ikiingia ukutani.

Siku ya tatu hakusikia kikohozi kabisa. Mwanzoni alifurahi. Labda dawa ya kifua imeanza kufanya kazi. Halafu katikati ya ukimya akasikia kitu kingine, mlio mdogo uliobanwa, kama mtoto anayelia chini ya blanketi. Akavua viatu, akaenda kwa ncha za vidole, akasukuma mlango.

Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mto ameukumbatia na kuukandamiza mdomoni kwa mikono yote miwili. Mabega yalikuwa yanaruka. Uso ulikuwa umeiva, machozi yakimtiririka hadi masharubuni.

"Baba! Unafanya nini?"

Mzee aliuondoa mto, akakohoa, akakohoa, akapata pumzi. Rula alipiga magoti na kumshika mkono. Mzee aliutoa mkono wake polepole, akafuta uso.

"Nakohoa," alisema. "Nilidhani kwenye mto nitakohoa bila kuleta mkutano."

"Sielewi."

"Kila nikikohoa, kiti kinalia, mlango unafunguka, jicho linaingia. Nikigeuka kitandani, jicho. Nikidondosha kijiko, jicho. Mwanangu, ile kelele yako ya zamani sikuipenda hata kidogo. Lakini ilipokuwa inanguruma, nilikohoa nikashiba. Hata nilizungumza na mama yako kidogo. Sasa nitazungumza naye vipi, na wewe unasikiliza?"

Rula alikaa sakafuni.

"Nimempigia kaka yako," mzee akaendelea, akitazama dirishani. "Nimemwambia Jumamosi aje na gari kubwa."

"Unataka kwenda kwake?"

"Nataka kukohoa."

"Ulianguka, baba! Ulikuwa umekaa kwenye maji, unagonga ndoo, na mimi niko hapo!" Sauti ilimtoka juu kuliko alivyotaka. "Unajua nasikia nini nikifumba macho? Hiyo ndoo."

"Nilianguka kwa sababu pale hakuna pa kushika," alisema Tanuri. "Si kwa sababu hakuna wa kusikia. Masikio hayanikamati nikiteleza."

Kwenye ramani ya zahanati iliyokuwa kwenye kioo chake wakati huohuo, alikuwa amechora chuma cha kushikia kwenye kila bafu, kila choo, pande zote mbili, kwa vipimo, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa kwa wagonjwa na wazee. Alikwishachora vyuma hivyo kwenye majengo mengi kiasi kwamba mkono ulivichora wenyewe. Bafuni kwake hakukuwa na hata kimoja. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

"Nipe hadi Jumamosi," alisema. "Ukiona bado, nenda. Sitanuna."

"Utanuna."

"Nitanuna kidogo."

Mzee akacheka kwa pua. "Na mlango?"

"Nitaufunga."

Aliufunga kweli, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kukaza skrubu zote. Fundi wa kuchomelea alikuja kesho yake, akatoboa ukuta wa bafu na kukaza vyuma viwili kwa vipimo vya Rula. Baba alipoanza kukohoa nyuma ya mlango uliofungwa, Rula alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili kama aliye kwenye basi lenye kasi. Alihesabu pumzi zake mwenyewe. Kikohozi kiliisha. Hakuna kilichotokea. Baada ya muda akamsikia mzee akizungumza kwa sauti ya chini na mtu asiyekuwepo. Haraka akawasha redio yake ndogo, asisikie maneno.

Jumamosi Mwenyekiti alifika na mkewe na gari la kuazima. Wifi alimkumbatia Rula na kuelekea jikoni. Mwenyekiti alikwenda moja kwa moja sebuleni, akasimama mbele ya kompyuta, akaweka mikono kiunoni.

"Iwashe."

"Imewaka."

Akainama, akaweka sikio kwenye kasha, akainuka na kuguna. "Haya. Hiyo ni ajenda ya kwanza." Akaenda bafuni. "Na hivi vyuma, vina nguvu?" Akajining'iniza kwa chuma kimoja na uzito wake wote. Soksi zikateleza kwenye vigae, miguu ikaenda upande wake, naye akabaki ananing'inia kama nguo kwenye kamba, tai imemkaa begani.

Tanuri, aliyekuwa amesimama nyuma yake, aliangua kicheko. Alicheka hadi kicheko kikageuka kikohozi, kile kikubwa, cha kukunja mgongo. Rula akaruka. Mwenyekiti akajinasua akaruka. Wifi akatokea na glasi ya maji. Mzee, akikohoa, alinyoosha kiganja mbele yao wote.

"Kaeni!"

Wakasimama walivyo. Hakuna aliyekaa, maana hapakuwa na pa kukaa, lakini hakuna aliyemgusa. Alikohoa kikohozi chake chote mbele ya watoto wake, mkono mmoja kwenye chuma, bila haraka, hadi kikaisha. Akatema, akanawa, akavuta pumzi.

"Vina nguvu," alimwambia mwanawe. "Nitakuja kwako mwisho wa mwezi, nikae siku kadhaa, niwaone wajukuu. Halafu nitarudi. Kwako kuna watu wengi mno wa kunisikia."

"Baba, tulikuwa tumekubaliana..."

"Wewe ulikubaliana."

Mwenyekiti alimtazama dada yake. Rula alitazama vigae. Wifi ndiye aliyecheka kwanza.

Waliondoka jioni, gari likiwa tupu kama lilivyokuja. Jumatatu asubuhi Tanuri alitoka chumbani amevaa shati la kutokea, akatangaza kwamba nywele zimemzidi na anakwenda kwa kinyozi wa barabara ya pili.

"Nikusindikize?" Neno lilishamtoka Rula kabla hajalizuia.

"Una kazi."

Alimsikia akishuka ngazi za nje, taratibu, kituo, taratibu. Akasimama dirishani. Mzee alivuka barabara, akafika kwenye uzio wa jirani, akasimama na kuushikilia, mabega yakipanda na kushuka. Rula aliweka kiganja kwenye kioo cha dirisha. Miguu yake ilikuwa imeshageukia mlangoni. Mwanamke aliyekuwa akipita akamsalimia mzee, mzee akamjibu kitu, wote wakacheka, na mzee akaendelea na safari yake hadi kona ikammeza.

Rula alirudi kwenye kiti. Ile ngazi ya zahanati bado ilikuwa inaingia ukutani. Akaifuta yote, akaanza kuichora upya kutoka kidato cha chini.